Nambari Isiyo na Jina

Mswahili aliyelelewa hafiki kwa mtu akaingia tu. Husimama nje, akabisha hodi, akangoja kuitikiwa. Aliye ndani, kabla ya kusema karibu, aghalabu huuliza: "Nani?" Na mgeni mwenye adabu hajibu "mimi" akanyamaza, kwa maana kila abishaye ni mimi. Hutaja jina lake. Na iwapo jina hilo halifahamiki, huongeza la babake, la mtaa wake au la aliyemtuma. Akibisha mara tatu pasiwe na jibu, huenda zake pasi na kinyongo. Ada hii ni kongwe, nasi wanafunzi wa fasihi tumeizoea kiasi cha kutoistaajabia tena. Lililonistaajabisha mimi ni kuikuta mahali nisipoitarajia kabisa, yaani katika mitambo inayopeleka barua pepe. Aidha, nimeshuhudia jinsi mgeni anavyoweza kuachwa mlangoni kwa siku tano, si kwa kuwa alikataa kutaja jina lake, bali kwa kuwa aliyepaswa kumtolea ushahidi alikuwa kimya.

Mpenzi msomaji, mimi ni mwanafunzi wa fasihi. Utafiti wangu wa uzamili unahusu tendi, wala sina shahada ya uhandisi wa aina yoyote. Hata hivyo, wahenga walinena kwamba lisilokuwapo moyoni, halipo machoni. Nami jambo hili liliingia moyoni mwangu kwa nguvu, ndipo macho yangu yakaanza kuliona. Nitalieleza kwa lugha yetu kadiri ya uwezo wangu, kwani naamini kwamba yeyote anayetumia barua pepe anastahili kulifahamu.

Mnamo mwaka 2023 nilikuwa katibu wa chama chetu. Chama kilikuwa kimesajili jina lake katika mtandao, jina linaloishia kwa or.ke kama ilivyo kwa mashirika yasiyo ya kibiashara nchini Kenya, na kilikuwa kimekodi seva ndogo kutoka kwa kampuni moja ya humu nchini. Fedha zilitokana na michango ya wanachama. Seva hiyo ndiyo iliyobeba tovuti yetu, miswada ya jarida na barua zote za chama. Tuliionea fahari, kwa sababu kwa mara ya kwanza chama cha Kiswahili kilikuwa na anwani yake chenyewe badala ya kuazima ya mtu.

Mwezi wa Machi mwaka huo, mwanachama wetu mmoja, binti wa mwaka wa tatu, alipata habari njema. Ikisiri ya makala yake ilikuwa imekubaliwa katika kongamano la wanafunzi lililoandaliwa na chuo kikuu kimoja cha nchi jirani. Waandalizi walikuwa tayari kumgharimia nauli na malazi. Walichohitaji ni barua ya chama, iliyotiwa sahihi na mlezi, ya kuthibitisha kwamba yeye ni mwanachama. Barua hiyo ilipaswa kuwafikia kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, tarehe 17. Mlezi aliitia sahihi mapema, nami nikaituma Jumatatu tarehe 13, saa nne asubuhi. Programu ikaniarifu kwamba imetumwa. Waandalizi walikuwa wamesema kwamba wangewajibu wote kwa pamoja baada ya Ijumaa, kwa hiyo kimya chao hakikumtia shaka yeyote. Jumamosi, saa nne na dakika chache asubuhi, ilikuja barua kutoka kwa seva yetu wenyewe. Ilieleza kwamba ile ya Jumatatu haikuweza kufikishwa na kwamba seva imekoma kujaribu. Tulipowapigia simu waandalizi, tuliambiwa kwa upole kwamba nafasi ilikuwa imekwisha kupewa aliyefuata katika orodha.

Makala ya binti huyo yalihusu majazi, yaani namna waandishi wa riwaya wanavyowapa wahusika majina yanayobeba sifa zao. Alipoelezwa kilichotokea, alikaa kitambo bila kusema, kisha akasema: "Katibu, nimeandika kurasa kumi na tano juu ya majina, nikanyimwa safari kwa kukosa jina." Sijapata kusikia ufafanuzi wa tatizo hili ulio bora kuliko huo, ingawa yeye mwenyewe hakuwa akifafanua chochote.

Jina lipi lililokosekana, ilhali chama kilikuwa na jina lililosajiliwa na kulipiwa? Hapo ndipo ilipo kadhia yenyewe.

Kila mtambo uliounganishwa na mtandao wa intaneti huwa na nambari. Katika mfumo uliotumika kwa muda mrefu zaidi, nambari hiyo ina sehemu nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila sehemu ikiwa kati ya 0 na 255. Tuchukue mfano wa 192.0.2.25, ambayo ni mojawapo ya nambari zilizotengwa kwa ajili ya mifano vitabuni. Mitambo hujuana kwa nambari. Binadamu hujuana kwa majina. Hapo awali, mtandao ulipokuwa mchanga nchini Marekani, daftari moja la majina na nambari liliwekwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford, na kila mwenye mtambo alipaswa kunakili faili hiyo. Mitambo ilipozidi, daftari moja likaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa majina ya vikoa, unaojulikana kwa kifupisho DNS, ambao kanuni zake zilizotolewa upya mwaka 1987 ndizo msingi wa mfumo tulio nao hadi leo. Katika mfumo huu hakuna daftari moja. Kila mwenye eneo huweka daftari la eneo lake na kuwajibu wanaouliza.

Nisiache kugusia neno kikoa. Wapo wanaodhani ni neno lililoundwa juzi kwa ajili ya teknolojia. La hasha! Katika Kiswahili cha tangu hapo, kikoa ni chakula kinacholiwa kwa ushirika, ambapo kila mmoja hutoa kwa zamu yake. Sijui kama waliolichagua walilikusudia hilo, lakini walipatia. Mfumo huu wa majina ni kikoa kweli kweli. Kila mmoja hupika siku yake, na asiyepika huwaacha wenzake na njaa.

Basi mtu akitaka kutoka kwenye jina kwenda kwenye nambari, huuliza kuanzia juu. Kwa jina linaloishia kwa or.ke, swali huanzia kwenye shina la mfumo, likaelekezwa kwa wasimamizi wa ke, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni KENIC, kisha likaelekezwa kwa mwenye jina mwenyewe. Hilo ndilo ulizo la kawaida. Lakini lipo ulizo jingine linalokwenda kinyume: mtu ana nambari mkononi, naye anataka kujua ni ya nani. Ili ulizo hilo liwezekane, wabunifu walifanya jambo la kupendeza. Waliigeuza nambari nyuma mbele na kuifanya iwe jina. Nambari 192.0.2.25 huulizwa kama 25.2.0.192.in-addr.arpa. Sababu ya kuigeuza ni kwamba jina husomwa kutoka dogo kwenda kubwa, kama tunavyosema nyumba ya fulani, mtaa fulani, mji fulani, Kenya. Ilhali nambari husomwa kutoka kubwa kwenda dogo, mfano wa nambari ya simu inayoanza kwa 254. Jibu linalotarajiwa huitwa rekodi ya PTR, nalo hutaja jina la mtambo wenye nambari hiyo.

Hapa ndipo penye fundo. Maulizo haya mawili hayapiti njia moja. Jina lina ukoo wake na nambari ina ukoo wake. Jina la chama lilitoka kwa wasimamizi wa ke, nasi tulikuwa na mamlaka ya kuandika katika daftari letu kwamba jina letu lina nambari fulani. Lakini nambari yenyewe haikuwa yetu. Nambari za bara la Afrika hugawiwa na AFRINIC, shirika lenye makao yake Mauritius lililotambuliwa rasmi mwaka 2005; kabla ya hapo mitandao ya Afrika ilipewa nambari na mashirika ya mabara mengine. AFRINIC huzigawia kampuni kwa mafungu, nazo kampuni huwakodisha wateja. Kwa hiyo anayepaswa kuandika kwamba nambari fulani ni ya chama fulani si chama, bali ni kampuni iliyopewa fungu. Ni sawa na mpangaji: anaweza kuwaambia watu wote kwamba anakaa chumba nambari nane, lakini barua ya kuthibitisha ukaaji huandikwa na mwenye nyumba.

Mwenye nyumba wetu hakuwa ameandika. Na kosa lake halikuwa la kuacha ukurasa mtupu, bali lilikuwa baya zaidi. Kampuni hiyo ilikuwa imeyataja majina ya seva mbili kuwa ndizo zitakazojibu maulizo juu ya nambari zake, na seva zote mbili hazikuwa zikijibu. Kila aliyeuliza "nambari hii ni ya nani?" alielekezwa kwenye mlango usiokuwa na mtu.

Mtofautishe msomaji mambo mawili: hapana na kimya. Ukiuliza jina la nambari, na mwenye daftari akakujibu kwamba jina halipo, jibu hilo hufika upesi, aghalabu chini ya sekunde moja, nawe unajua la kufanya. Lakini ukiuliza asijibu, huna budi kungoja. Tarakilishi inayotumia mfumo wa Linux, ikiachwa na mipangilio yake ya asili, hungoja sekunde 5 kwa kila seva ya majina inayoulizwa, kisha hurudia mara ya pili. Zikiwa seva mbili, hizo ni sekunde 20 za kungoja kwa ulizo moja tu. Sekunde 20 si nyingi kwa mtu anayekunywa chai. Kwa mtambo unaopokea maelfu ya barua, ni umri. Na baada ya kungoja kote huko, mtambo haujui kama jina halipo au kama mwenye kulijua amesinzia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, hata ya mashine.

Sasa turudi kwenye hodi. Barua pepe husafiri kwa itifaki iitwayo SMTP, iliyoandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982. Seva inayotuma hufika kwa seva inayopokea na kungoja. Inayopokea hutoa nambari ya ishara 220, ambayo ni sawa na kuitikia hodi. Inayotuma hujibu kwa neno HELO, au siku hizi EHLO, na kutaja jina lake. Kabla ya kusema karibu, mwenyeji huweza kufanya uchunguzi wake kimyakimya. Huitazama nambari ya mgeni, akauliza kwa kinyume jina lake ni nani. Mwenyeji mwangalifu zaidi huchukua jina alilopata na kuliuliza kwa njia ya kawaida ili aone kama linarudi kwenye nambari ile ile. Uangalifu huo si wivu. Mwenye nambari anaweza kuandika jina lolote apendalo, hata la mfalme. Hivyo ushahidi wa upande mmoja hautoshi.

Jumapili ile, ndugu yetu mmoja wa Idara ya Sayansi ya Tarakilishi aliketi nami akanifungulia kumbukumbu za seva. Nilitazama mstari baada ya mstari. Seva ya chuo jirani ilikuwa ikijibu kwa ishara 450, pamoja na maelezo kwamba haikuweza kulipata jina la nambari yetu. Ishara zinazoanza kwa 5 maana yake ni kukataliwa kabisa, zinazoanza kwa 4 maana yake ni "sasa siwezi, rudi baadaye." Seva yetu ikawa mtiifu. Ilitumia programu ya Postfix, ambayo kwa mipangilio yake ya asili hungoja sekunde 300 kabla ya kujaribu tena, ikaendelea kurefusha muda huo hadi sekunde 4000, yaani saa moja na dakika sita na kitu. Hufanya hivyo kwa siku tano. Nilipiga hesabu: barua ya binti yule ilikuwa imebisha hodi takriban mara mia moja. Mswahili hubisha mara tatu.

"Mbona haikutuambia?" nilimwuliza ndugu yule. Akanieleza kwamba Postfix, isipoagizwa vinginevyo, haimwarifu mtumaji kwamba barua yake imekwama. Humwarifu tu inapokata tamaa. Mfumo mzima ulikuwa umefanya kama ulivyoagizwa. Mwenyeji aliuliza swali la haki. Mjumbe alirudi kila alipoambiwa arudi. Mwenye nyumba pekee ndiye aliyenyamaza, na kimya chake kikawageuza wengine wote kuwa vyombo vya dhuluma.

Yamkini msomaji atauliza: kwa nini barua nyingine za chama zilifika miezi yote hiyo? Ni kwa sababu kila mwenyeji ana sheria za nyumba yake. Wapo wasiouliza kabisa. Wapo wanaouliza na kungoja, kisha wakapokea hata wasipojibiwa. Barua kwa hao huchelewa sekunde kadhaa bila mtu kutambua. Na wapo wasiopokea mpaka wajue jina. Hali hii ya kufika hapa na kukwama pale ndiyo iliyoufanya ugonjwa ujifiche.

Kadhalika nimekuja kugundua kwamba ulizo la kinyume huweza kuleta uchelewaji hata ndani ya ofisi moja. Nimewahi kuwasikia walimu wakilalamika kwamba wakibonyeza kitufe cha kutuma, dirisha huganda nusu dakika kabla barua haijaondoka, nao wakaulaumu mtandao. Kumbe tarakilishi zao zilikuwa na nambari za ndani, zile zinazoanza kwa 192.168, ambazo tangu mwaka 1996 zimetengwa rasmi kwa matumizi ya faragha na hazina mwenyewe katika mtandao wa nje. Seva ya barua ilipoziona, ikaenda kuziulizia majina mahali pasipojibu. Tiba yake ilikuwa nyepesi: kuandika majina hayo katika daftari la ndani. Tangu hapo barua zikawa zinaondoka mara moja.

Kabla ya mwaka 2009, Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za mbali. Setilaiti za aina hiyo huwa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, hivyo swali na jibu lake vilichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na umbali ukapungua makali. Nataja hili kwa sababu wengi wetu tungali tunaamini kwamba jambo la mtandao likikawia, sababu ni umbali au ufukara wa miundombinu. Barua yetu haikucheleweshwa na bahari wala na anga. Ilicheleweshwa na mtu ambaye hakujibu.

Je, ni haki kumfungia mlango mgeni kwa sababu nambari yake haina jina? Nimelitafakari swali hili pande zote mbili. Upande mmoja, wenyeji wana sababu. Mwezi wa Mei mwaka 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation aliwatumia watu takriban 400 tangazo la biashara ambalo hawakuliomba, na tendo hilo huhesabiwa kuwa mwanzo wa barua taka. Baadaye walaghai wakajifunza kuteka tarakilishi za majumbani kwa virusi na kuzitumia kusambaza uchafu huo bila wenyewe kujua. Mitambo mingi ya namna hiyo haina jina la maana. Mlinzi aliyeona wezi wengi wakija bila jina si ajabu akamshuku kila asiye na jina. Tangu Februari 2024 Gmail imewataka watumaji wote wawe na nambari zenye jina, na jina hilo lirudi kwenye nambari hiyo hiyo. Jambo lililokuwa hiari ya mwenyeji sasa limekuwa ada ya mji mzima.

Upande wa pili, itifaki yenyewe ina huruma kuliko watu. Waraka wa mwaka 2008 unaoongoza SMTP unamruhusu mwenyeji kuchunguza kama jina alilotaja mgeni katika salamu linalingana na nambari yake, lakini unamkataza kumkatalia barua kwa sababu hiyo pekee. Walioandika walijua kwamba mtu mwema anaweza kuwa na karatasi zenye kasoro. Maulizo ya kinyume yamepita katikati ya katazo hilo, kwa kuwa hayachunguzi salamu bali nambari yenyewe. Na anayeumia si mlaghai mkubwa, ambaye ana fedha za kununua nambari safi zenye majina mazuri. Anayeumia ni chama kidogo, shule ya kijijini, shirika la mtaani, wapangaji wa kila aina wasio na sauti mbele ya mwenye nyumba.

Sisi wa fasihi tunalifahamu ulizo la kinyume kuliko tunavyodhani. Tendi nyingi hukamilika kwa beti ambamo mtunzi hujitaja kwa jina, akataja nasaba yake na pengine mji wake, ili maneno yake yasitangatange duniani kama yatima. Pale jina lisipoandikwa, msomi hulazimika kuuliza kutoka kwenye utungo kurudi kwa mtunzi, na jibu hutegemea kama yupo anayelijua na yu radhi kulitoa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikuwa yamebaki vinywani mwa watu baada ya kufa kwake katika karne ya 19. Tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyafafanulia kwa ajili ya mmisionari W. E. Taylor. Sikujua hakuyatunga. Alijibu alipoulizwa ni ya nani. Kuna kazi zilizo na thamani kubwa ambazo ni za kujibu tu, na ulimwengu haudhuriki kwa kukosa wajuzi kiasi unavyodhurika kwa wajuzi wasiojibu.

Nirudi kwenye tuliyoyafanya, maana tafakuri bila tendo ni mtungi bila maji. Tuliiandikia kampuni iliyotukodishia seva, tukaeleza tatizo kwa ukamilifu na kuambatisha mistari ya kumbukumbu. Majuma matatu yakapita. Jibu lilipokuja, lilisema kwamba jina la kikoa ni jukumu la mteja. Hawakuwa wamesoma swali. Tuliuliza juu ya nambari, wakajibu juu ya jina. Tukaandika tena, mlezi akapiga simu, tukaahidiwa. Hatimaye kamati iliamua kuhama. Kampuni tuliyohamia ina ukurasa ambapo mteja mwenyewe huandika jina la nambari yake, na ndugu yetu wa tarakilishi alilimaliza jambo hilo kwa dakika tano, akalipima kwa pande zote mbili, jina likaenda kwenye nambari na nambari ikarudi kwenye jina. Aidha, aliiagiza Postfix itoe onyo kila barua inapokwama kwa saa nne. Onyo la namna hiyo lingalikuwapo Machi 2023, tungaliarifiwa Jumatatu hiyo hiyo alasiri, na barua ingalipelekwa kwa njia nyingine siku nne kabla ya mlango kufungwa.

Binti yule hakwenda kwenye kongamano. Makala yake yalitoka baadaye katika jarida letu. Hilo ni jema, lakini silitaji kama faraja, kwa kuwa hakuna toleo la jarida linaloweza kumrudishia mtu safari yake ya kwanza nje ya nchi, wala wale ambao angalikutana nao huko.

Nina mambo matatu ya kuwaachia wanachama wenzangu. Kwanza, chama chochote kinachokodi seva kiulize swali moja kabla ya kulipa: nani ataandika jina la nambari yetu, na kwa muda gani? Ikiwa muuzaji halielewi swali, hilo ni jibu tosha. Pili, tuache kuliona jambo la mitambo kuwa si letu. Nimeandika insha hii bila kuhitaji lugha nyingine ya kuniokoa. Hodi, ukoo, mpangaji na ushahidi vilinitosha kueleza mambo ambayo wahandisi huyaeleza kwa nyaraka ndefu. Istilahi kama ulizo la kinyume huenda zikapingwa na wajuzi, nami nitafurahi zikipingwa, kwani neno linalojadiliwa ni neno lililo hai. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, tujihadhari na kimya. Wengi wetu kesho tutakuwa walimu, wahariri, makatibu na wakuu wa idara. Vijana watatuandikia kuomba barua za kuwatambulisha, alama za mitihani, majibu ya miswada. Tukiwaambia hapana, wataumia siku moja kisha watatafuta njia nyingine. Tukinyamaza, watabisha mara mia moja, nao wakidhani kwamba wanasubiriwa.